Madeni Aliyoyataja Muuza Vyerehani

Vita vilipokwisha nilitafuta kazi ya kupokea simu kwenye bwawa la umeme, Jinja. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na kusema "haloo," lakini bwawa lililindwa na jeshi, na hakuna aliyepita geti bila kibali cha usalama. Jirani zangu wa Wanyange walinitania kwamba watanichunguza hadi meno. Walichochunguza wanajeshi ni madeni. Mtu anayedaiwa hununulika, walisema, na akinunuliwa atamfungulia adui geti.

Mimi, binti wa mwalimu, nilikuwa na deni moja. Nilikopa cherehani kwa mzee Mwislamu mwenye duka Mbale. Hatukuandikiana chochote. Tulikuwa wawili tu dukani. Nikalipa nusu, nikaahidi nusu ya pili baada ya Ramadhani. Mfungo haujaisha, wanajeshi wakamchukua. Hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Mkewe, kule chini ya mlima Wanale, akabaki si mke si mjane: hakuna aliyethubutu kumwambia akae eda, wala aliyethubutu kumwambia angoje. Nilipokwenda kumlipa hakutaka hata kusikia ni deni gani.

"Mambo ya duka mngoje mwenyewe," aliniambia.

Afande aliyenihoji alikuwa mtu wa makamo, mpole, wa aina inayokupa kiti kwanza. Serikali zilikuwa zimebadilika; yeye alikuwa palepale. Maji yalinguruma nyuma ya ukuta, ikabidi nimwinamie nimsikie.

"Wewe iko na deni?"

Kabla sijafungua mdomo akafumba macho, akajijibu.

"Binti wa mwalimu wa Wanyange. Cherehani. Nusu bado, baada ya Ramadhani. Akishindwa, nimemsamehe."

Nywele zilinisimama. Hicho hakikuwa Kiswahili chake cha kambini. Kilikuwa cha yule mzee, polepole, na kituo kilekile kabla ya kila neno. Nilitazama mlango nikijua hakuna mtu.

"Nani alikuambia, afande?"

"Yeye mwenyewe. Siku ya mwisho. Tuliuliza, taja watu yako wa msituni. Akataja watu na vitu. Huyu cherehani, huyu baiskeli. Kazi yangu ilikuwa kushika kwa kichwa. Mpaka leo haitoki."

Hasira ilinipanda, kibali nikakisahau. Nikamwambia hao hawakuwa waasi hata kidogo. Mwislamu akijua anakufa hutaja anaowadai na wanaomdai, asiende kaburini na haki ya mtu. Mzee alikuwa anausia, na wao wakadhani anakiri.



"Wengine tulifuata nyumbani. Kwako hatukufika," afande akasema. Kisha, kama anayeuliza, akaongeza: "Moja hatukujua ni nani. Pete ya dhahabu. Ya mama. Bado."

Kibali sikupata. Mzee alikuwa amenisamehe deni. Wao hawakunisamehe kutajwa.

Kesho yake nilikwenda Mbale. Mama yule alikuwa kibarazani akichambua mchele. Watu wengi walishamletea habari za mumewe, kila mmoja na bei yake, kwa hiyo hakunikaribisha hata kukaa. Nilisimama uani nikamweleza yote, kuanzia cherehani. Hakuinua uso. Nilipotaja pete, mkono wake ukasimama ndani ya ungo.

"Alisemaje? Sema kama alivyosema."

"Pete ya dhahabu. Ya mama. Bado."

"Mama alikuwa akiniita mimi. Mahari yangu hiyo," akasema. "Tangu harusi namdai, na tangu harusi ananiapia kwamba alishanipa nikaipoteza mwenyewe. Hata mama yangu hakujua ugomvi huo."

Akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshinda kesi. Niliogopa kicheko kile kuliko sauti ya afande.

"Mume wangu, akiwa hai, asingekubali deni hilo hata umchinje," akasema. "Basi amekufa. Ingia, mwanangu, nisaidie kutafuta nguo ya eda."