Chafya ya Mama Mkwe

"Hajazaliwa wa kuninyanyukia nikipiga!" mpiga besi alitamba siku ya harusi yake, wageni wote wakisikia. Tangu hapo mama mkwe amemnyanyukia mara tatu na kutoka ukumbini, kila mara akiuliza kwa nini mkwewe anaburuta kabati. Mkwe hakomi. Huifuta kwa pindo la shati besi yake ya mbao, inayomzidi kimo, kisha huvua kiatu cha kulia, maana visanduku vya umeme vya kunasa sauti na kuirudiarudia huvibonyeza kwa dole gumba la mguu. Jumamosi ndio kwanza anaanza kuvuta upinde kwenye nyuzi, mama mkwe, aliyeketi mstari wa mbele, akakamata mkoba aondoke, mara akapiga chafya. Kipaza sauti kikaidaka, kisanduku kikaanza kuirudia, ukumbi mzima ukageuka. Mkwe angeweza kuifuta, lakini akaitia mwangwi, akaipigia besi chini yake polepole, kama anayembembeleza mtoto.

"We baba, hiyo si yangu?"

"Yako, mama."

"Sasa mbona unaibania? Ongeza, kule nyuma hawasikii!"

Mkoba ukarudi chini. Jumapili mama mkwe alikuja na dada zake wawili, akawaonya mlangoni kwamba mwenye chafya ni mmoja tu. Kiingilio, elfu tatu kwa kichwa, akalipa yeye.