Nilivyopata lugha saba kwa dice, kazi ikabaki kwangu, Saning'o akaondoka

Wakuu, wenye umri wenu shikamooni, vijana mambo zenu.

Nimepita kwenye uzi wa vijana wanaocheza ile michezo ya mezani ya kuigiza, yenye dice, mashujaa na majitu. Wanabishana character anajifunzaje lugha adimu. Mmoja anasema unalipia points, mwingine anasema unarusha dice, basi imeisha hiyo.

Nimecheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka, maana nimekumbuka mbali.

Huo mchezo sisi tuliucheza Ngorongoro miaka ya themanini mwanzoni. Ndiyo, msishangae. Ninayoandika hapa yamenipata mwenyewe, anayetaka kubisha abishe taratibu.

Iko hivi.

Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, watalii wamekauka. Mimi nilikuwa waiter kwenye lodge moja pale ukingoni mwa kreta. Unaamka ukungu, unalala ukungu, vyumba vitupu. Sukari hakuna, sabuni hakuna. Kazi yetu kubwa ilikuwa kufuta vumbi mezani kwa ajili ya wageni ambao hawaji.

Mtafiti mmoja wa fisi aliporudi kwao aliacha boksi jikoni. Ndani kulikuwa na kitabu na dice za ajabu ajabu, nyingine pande nane, nyingine pande ishirini. Mpishi wetu, Bwana Mkumbo, mtu wa Singida, ndiye aliyekuwa anasoma Kiingereza kidogo. Akajipa cheo, yeye ndiye msimamizi wa mchezo.

Wachezaji wakubwa tulikuwa wawili, mimi niliyekuwa kijana wa Karatu, na askari wa getini aliyeitwa Saning'o, Mmaasai wa Malambo.

Saning'o alikuwa mrefu, mkavu, na mbishi kuliko watu wote niliowahi kukutana nao. Ukimwambia kumekucha anatoka kwanza nje kuhakikisha.

Siku ya kutengeneza wahusika nilirusha dice za akili, zote zikatoka sita. Mkumbo akasoma kitabu, akakuna kichwa, akatangaza mwenye akili hizo anazaliwa na lugha saba. Ya majitu, ya mazimwi, ya vibwengo, zote zangu. Kuanzia hapo jina langu likawa Profesa.

Saning'o akakataa katakata.

"Nani alikufundisha lugha ya majitu?"

"Dice," nikamwambia.

"Dice ina mama? Ulikula kwa nani? Ulichunga ndama wa nani? Mtu hajui lugha mpaka amekaa kwa wenyewe."

Mkumbo akasema kitabu ndicho kimesema. Saning'o akasema aliyeandika kitabu hajawahi kutoka kwao. Tulibishana mpaka ugali ukaungua. Mwisho tukakubaliana yeye acheze kwa sheria yake. Kila akitaka lugha, mhusika wake aende kwa wenyewe, atoe kitu kwanza, ndipo aombe neno. Mimi nikabaki na saba zangu za bure.

(Saning'o mwenyewe alikuwa na lugha zake za kweli. Kimaasai cha nyumbani. Kisonjo alikipata Digodigo akibadilisha mbuzi kwa nafaka. Kiiraqw kwa kufanya vibarua Karatu. Kidatoga alikipata mwaka wa ukame, alipohifadhiwa na familia moja kule bondeni. Kila lugha ana mtu wa kumtaja.)

Sasa balaa lilivyoanza.

Mchana mmoja mvua inanyesha, tuko jikoni tunacheza saa za kazi. Mkumbo ananiuliza kwa sauti, "Profesa, una lugha ngapi?" Na mimi najibu kwa mbwembwe, "Saba!"

Meneja alikuwa mlangoni.

Akamgeukia Mkumbo. "Ni kweli huyu ana lugha saba?"

Mkumbo akaona akisema ni mchezo tumekwisha wote. Akajibu, "Ndiyo, Ndugu Meneja."

Mimi nikadhani yamepita. Wiki haikuisha nikaitwa ofisini.

"Makao makuu wanapunguza watu," meneja akasema. "Wewe nimekuokoa. Nimewaambia nina mtu wa lugha saba. Wanakuja wataalamu wa mifugo kutoka Hangaria, na mkalimani wao nimesema abaki Arusha. Wewe upo."

Wakuu! Hangaria sikujua hata iko upande gani wa dunia. Nyumbani Karatu mke wangu ana mimba, wa kwanza bado anatambaa, na shamba la baba tulikuwa tumegawana ndugu mpaka limekuwa kama kitambaa cha mkononi. Mshahara ule ndio ulikuwa roho yetu.

Sikulala. Asubuhi nikarudi ofisini nikasema ukweli wote. Ndugu Meneja, ni mchezo, lugha zangu ni za mazimwi, nilizipata kwa dice.

Akaendelea kupanga karatasi zake.

"Taarifa imeshaenda. Wewe ukisema hujui, mimi nimedanganya. Mimi sijadanganya. Kwa hiyo unajua. Nenda."

Eti kwa hiyo unajua!

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Nikisikia gari linapanda mlima nakimbilia dirishani. Nilizunguka kutafuta mtu, padri, dereva, yeyote mwenye neno moja la Kihangaria. Hakuna. Mkumbo kwa huruma akatoa dice akaniambia nirushe tena, huenda ikasaidia. Nilitaka kumpiga nayo.

Saning'o peke yake ndiye hakuwa na wasiwasi.

"Wenye lugha wanakuja mpaka mezani kwako, wewe unalia. Mimi nilitembea mpaka Digodigo kwa miguu. Wakifika usiombe mikono mitupu. Toa neno lako kwanza."

Wakafika mchana, ukungu umeshuka mpaka madirishani. Wote wazee, suti nzito, viatu vina tope. Kiongozi wao alikuwa na masharubu mapana na sauti ya kuita ng'ombe. Akanishika mkono, akamwaga maneno kama mahindi kutoka kwenye gunia, akasubiri jibu.

Meneja kasimama kaunta, ananiangalia.

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Yule mzee akarudia, polepole, kwa sauti zaidi. Wenzake wakaanza kutazamana. Nikajiona niko njiani narudi Karatu na godoro kichwani.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikachukua jagi la maji, nikalinyanyua, nikasema kwa lugha ya mama yangu, "Ma'ay." Nikammiminia. Halafu nikamtazama nikangoja.

Mzee akalitazama jagi. Akanitazama mimi. Masharubu yakapanda.

"Víz," akasema.

"Víz," nikasema.

Akapiga meza, wenzake wakacheka. Basi ikawa hivyo. Naleta maziwa, natoa neno langu, wananipa lao, "tej". Chumvi, hivyo hivyo. Meneja kule kaunta anasikia mtu wake anaongea na Wahangaria, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Lakini walikuwa wataalamu wa mifugo, hawakuja kunywa maji. Baada ya chakula yule mzee akaanza kulia kama ng'ombe, kweli kabisa, huku anaonyesha nje. Mimi ng'ombe wa kumnyanyulia pale mezani sina. Nikakimbia getini kwa Saning'o.

Wakaenda naye kwenye boma la Wamaasai. Siku zote walizokaa walikuwa wanamtaka yeye. Nilimkuta mara moja yeye na yule mzee wameinama chini ya ng'ombe mmoja, kila mmoja kashika mguu. Huyu anasema "enkiteng", huyu anasema "tehén", wanabishana kwa mikono juu ya kwato. Walikuwa wanaelewana! Wakati wa kuondoka mzee alimkumbatia Saning'o. Mimi alinipa mkono.

Orodha ikabandikwa mwezi huohuo. Jina langu lipo kwa wanaobaki. La Saning'o lipo kwa wanaopunguzwa.

Sikupiga hodi. Niliingia ofisini moja kwa moja, safari hii kwa hasira. Nikamwambia meneja wale wageni walihudumiwa na Saning'o, na kama ni lugha, zake ni za kweli, hata mimi ile sheria ya kutoa neno kwanza nilipewa naye.

Akachukua kalamu. Naomba niwe mkweli, alichukua kalamu, nikapata matumaini.

"Haya, taja lugha zake."

Nikataja. Kimaasai, Kisonjo, Kiiraqw, Kidatoga.

Akaiweka kalamu chini.

"Hizo ni za makabila. Mimi nimekuuliza lugha."

Kiiraqw ni lugha niliyonyonyeshwa nayo. Nikatoka ofisini, na kazi yangu iko mkononi. Iliniuma, na mpaka leo naandika hapa inaniuma.

Saning'o nilipomwambia alicheka kidogo, akauliza kama kuna lori la Malambo. Kabla ya kupanda alitaka tucheze mara ya mwisho. Mhusika wake akaaga wenzake, akaenda kuhamia kwa majitu. Mkumbo akataka kurusha dice kuona kama watampokea. Saning'o akaifunika kwa kiganja.

"Watanipokea. Naijua lugha yao."

Baadaye watalii walirudi, nikawa guide, nikaongea Kijerumani na Kifaransa, na kila lugha niliipata kwa sheria ya yule askari. Nililipwa vizuri kwa kazi ambayo yeye aliifanya akafukuzwa. Hilo ndilo nililojifunza, halina utamu.

Vijana wa ule uzi, chezeni mnavyotaka, points sawa, dice sawa. Ila character wako akipata lugha mpya, muulize kapewa na nani, na huyo mtu sasa hivi yuko wapi.

Uwanja wenu, wakuu. Na kama humu kuna mtu wa Malambo anayemfahamu mzee mmoja mbishi aliyewahi kulinda geti kule kreta, anijibu hapahapa chini.