Nyuzi za Mshazari

Mwanangu, keti, na usinikatize. Kuna asubuhi moja ya baridi kule Kitengela ambayo sijaisahau, nikiwa mwanafunzi wa uhandisi. Niliambiwa ninyamaze, nikakataa, na mpaka leo sijatubu.

Tulikuwa tunaunda gari la mashindano ya vyuo, kwenye banda la kukodi ukielekea Isinya. Mwili wake ulikuwa wa kitambaa cha nyuzi za kaboni. Unakitandaza ndani ya kalibu, lile umbo tupu linalokipa sura ya gari, tabaka juu ya tabaka, unapaka gundi, kinakauka kigumu ajabu. Lakini uzi una nguvu upande unakoelekea tu. Kepteni wetu, Wafula, alitaka tabaka zote zinyooke kutoka pua hadi mkia. Wageni waliotufadhili walikuwa wanakuja Jumamosi kutukagua, na nyuzi zikinyooka, wallahi gari linapendeza.

"Zingine tulaze mshazari," nikamwambia. "Kwa kona gari linajipinda."

"Wanjiru, tulishakubaliana. Wacha usumbufu."

Tulikubaliana! Mimi hata sikuulizwa. Damu ikanichemka.

Nasieku, dereva wetu, msichana wa Kajiado, alikuwa amejifunika shuka. Nikaliomba. Tulipolivuta na Wafula kufuata nyuzi, lilikaza. Tukashika pembe zinazokabiliana, tukavuta tena, likanyumbuka. "Gari likijipinda linavutwa hivi," nikasema, "ila gundi ikikauka halinyumbuki. Linapasuka."

Wafula akacheka. "Hiyo ni shuka. Changanyeni gundi!"

Gundi ikishachanganywa haingoji mtu, mwanangu. Nikasimama mbele ya kalibu. "Basi mnipake mimi kwanza."

"Toka kwa timu!"

"Sitoki."

Niliogopa, nisikudanganye, lakini sikusogea. Ndipo Nasieku akaja akasimama kando yangu. "Mimi ndiye niko na miguu ndani ya hiyo kitu," akasema. "Zisipolazwa mshazari, tafuteni dereva mwingine."

Walizilaza. Wageni walipofika walikuta kazi nusu na vidole vinanata, na Wafula akaninunia mwezi mzima. Shauri yake.

Siku ya kwanza ya majaribio, Nasieku alichelewa kukata kona, gurudumu moja likatumbukia mtaroni kwa kishindo, gari likajipinda vibaya. Tulitimua mbio, mimi nikipiga mayowe. Mwili ulikuwa mzima, hauna hata ufa. Nasieku akashuka kwa miguu yake, akaniangalia, akaanza kulia. Nikalia naye.

Basi sikiza. Mtu akikwambia jambo lilishakubaliwa, muulize nani ataumia likienda kombo, kisha msikize huyo kwanza. Ukijua unachosema, simama hapo hapo, hata ukiogopa. Watakununia, waache wanune. Na ukimwona mwingine amesimama peke yake, nenda ukasimame naye.

Mungu akupe shingo ngumu kama yangu, mwanangu, na akulinde wewe na wote utakaowaundia kitu.