Binti Yangu Mhandisi Amekataa Kushuka Duarani kwa Jina la Babu

Mhariri, jina langu lifiche, maana ukilitaja tu hapa Geita hata mbuzi wa jirani watageuza shingo. Mimi ni mzee wa miaka sitini na kitu, kwangu ni Kalangalala, nyumba ya bati, na duara langu, shimo la kuchimbia dhahabu, liko Nyarugusu. Kuandika nilijifunza ukubwani, kisomo cha watu wazima, kwa hiyo herufi zikilala msizicheke. Wenye digrii walipita pale wakasema hakuna kitu. Mimi dhahabu niliipata kwa kunusa udongo.

Nina binti, nitamwita Kabula, kitinda mimba wangu. Yuko chuo kikuu mwaka wa tatu, anasomea uhandisi. Si ule wa barabara. Anasomea mashine na umeme kwa pamoja, mashine inayojua yenyewe la kufanya bila kuambiwa. Darasani wamejaa wanaume, wasichana ni wawili tu, na mmoja ni damu yangu. Hilo nimelitangaza mpaka mnadani Kagongwa, watu wakaanza kunikwepa.

Likizo hii chuo kimewaambia kila mmoja atafute mahali pa kufanya kazi kwa mikono yake, atengeneze kitu kije kipimwe. Wenzake wakaenda viwandani. Kabula akasema, "Baba, mimi nitafanyia kwako. Maji yanakutesa, nitakutengenezea pampu inayojiwasha." Nikavimba kama chura. Kweli lile duara linaingiza maji kuliko kisima. Vijana wanayatoa kwa ndoo, kesho yake yamerudi.

Akatengeneza. Dumu tupu la mafuta ya kula akalifanya boya, akaliunga na nyaya na swichi. Maji yakipanda, dumu linapanda, pampu inaunguruma. Yakiisha, dumu linashuka, pampu inanyamaza. Tulijaribu nyumbani kwenye pipa, majirani wakapiga makofi, nikawaambia akili hiyo ni ya ukoo.

Sasa penye mwiba ni hapa. Mwanamke hafiki kwenye duara. Ndio mwiko wa machimbo, dhahabu inakimbia, na kwa mwiko huo mimi ndiye mkali kuliko wote. Hata mama anayetupikia anaishia nje ya uzio wa miiba. Kwa hiyo Kabula naye alisimama nje ya uzio, akawaelekeza vijana kwa kupaza sauti. Wakafunga vibaya. Boya likanasa juu kwenye matimba, yale magogo yanayoshika kuta za shimo. Maji yakaisha, pampu isijue, ikazunguka kavu mpaka ikatoa moshi.

Kabula ameisuka upya kwa waya tulionunua duka la Mhindi mjini. Ila akaniambia mbele ya mama yake, "Safari hii nashuka mwenyewe. Lazima nione maji yanaingilia wapi. Mtambo haufungwi kwa kupiga kelele."

Maduhu, msimamizi wa vijana wangu, aliposikia akasema, "Mzee, akikanyaga hapa sisi tunafunga virago."

Mwingine akadakia, "Dhahabu ikikimbia, mzee, mhandisi wako ataikimbiza na dumu?" Wakacheka, tena mbele yangu.

Mimi si mtu wa kushindwa. Nikaenda kwa mfumu, mganga wetu wa jadi, na mbuzi mkononi. Sisi Wasukuma mtoto hupewa jina la babu aliyefariki, na anayebeba jina hilo huheshimiwa kama babu mwenyewe. Mfumu akasema, mpeni binti jina la baba yako, avae shanga zake, basi atashuka kama babu, si mwanamke tena. Vijana wakakubali palepale. "Babu ashuke, kamba tutamshikia wenyewe!" Nikarudi nyumbani natembea kama mtemi. Nani mwingine angewaza hivyo?

Kabula alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Nikishatoka shimoni, baba, nitakuwa nani?"

"Utakuwa wewe."

"Na pampu ikiharibika?"

"Utakuwa babu tena. Kuna ubaya gani? Babu yako alikuwa dume hasa."

"Basi mpeleke babu akafunge pampu. Aliyeisomea ni Kabula."

Nikapandwa na hasira, nikasema kwa jina lake mwenyewe hatakanyaga duarani kwangu hata dhahabu iote kama nyasi. Nyumba ya pili walisikia. Na mimi sijawahi kurudisha neno langu tangu nizaliwe.

Mama yake akaniambia, "Baba Kabula, duara si lako? Unamwogopa Maduhu?" Simwogopi mtu! Lakini tangu siku ile situlii. Nakaa, nasimama. Chakula nakionja nakiacha. Nikienda Nyarugusu nachungulia, maji yamemeza matimba ya chini na vijana wamekaa tu. Nikirudi nyumbani namkuta binti anakunja nguo. Amepata nafasi kiwanda cha pamba Shinyanga, na pampu anaondoka nayo mwisho wa mwezi. Amesema akimaliza chuo hatarudi kuishi huku. Angesema kwa kelele ningepuuza. Amesema polepole, nami nimeamini.

Wasomaji, nikimshusha kama Kabula, vijana wanaondoka, na niwaambie ukweli, moyo wangu mwenyewe unanigonga kwamba dhahabu inaweza kupotea kweli. Nikimkatalia, nampoteza yeye. Habari za kumwomba radhi msiniandikie, mimi ni baba. Niambieni lingine, na mfanye haraka.

Jana nilimwambia asubiri kidogo, kuna watu nimewauliza. Akacheka kidogo, akasema, "Watu gani hao, baba, na mimi niko hapa?"

Nishaurini, nifanye nini?