Nyegere na Mshono Wangu

Nilikwenda mbugani kulipiza kisasi. Watu wa Dar huenda huko kupigwa picha na twiga. Mimi nilikwenda na sindano nne, roli mbili za uzi mnene, pakiti ya pilipili ya unga na hasira ya wiki nzima.

Nashona mahema. Kibanda changu kiko mtaa wa Gerezani, nyuma ya wauza mabomba, baraza moja na fundi wa maturubai ya malori aliyekuwa akishona hapo kabla sijazaliwa. Mimi sikufundishwa na mtu. Nilinunua hema kuukuu kwenye mnada, nikalifumua lote chumbani kwangu Magomeni, nikalishona upya, nikalifumua tena, mpaka vidole vikaota sugu. Mengine niliyaona kwenye simu, mengine kwa washona nyavu wa Feri. Mpaka leo sijui kukabidhi kazi kwa amani. Hema likishapakiwa kwenye gari ndipo naanza kujiuliza kama kona ya nne niliirudia mara mbili au tatu.

Jirani yangu huyo aliujua udhaifu huo. Kila asubuhi nilimsalimu, "Shikamoo, fundi," naye akajibu, "Marahaba, fundi wa simu. Leo imekufundisha nini?" Baraza zima lilicheka. Nami nilicheka, kisha nikainamia cherehani ili wasinione uso.

Kambi moja ya watalii, ng'ambo ya Rufiji, ikanipa mimi kazi ya mahema manne ambayo yeye aliitaka. Niliyashona kama mtu aliye kwenye chumba cha mtihani. Kwenye kona, ambako maji hupenya kwanza, nilishona kwa mkono, kwa uzi niliousugua nta ya nyuki, na nta nyingine nikaipaka juu ya mshono. Ya dukani sikuiamini. Nilinunua masega kwa muuza asali anayepanga ndoo zake Mtaa wa Kongo, nikayachemsha, nikayachuja mwenyewe kwa kipande cha khanga. Nilipomwagia kona maji, yalibingirika kama shanga. Nilimwaga mara nyingi kuliko ilivyohitajika ili jirani aone.

Wiki tatu baadaye msimamizi wa kambi akapiga simu. Mikono yangu ilikuwa imeshika turubai, kwa hiyo nikaweka spika. Hilo ni kosa langu.

"Dada, mahema yako kona zimeachia. Yote manne."

"Yamefumuka au yamechanika?"

"Mimi siyo fundi, dada. Mgeni kaamka anaona miti kupitia ukutani. Njoo urekebishe. Nina mahema kumi ya msimu ujao, nilitaka nikupe wewe. Haya yakiachia tena, kazi namtafutia mtu mwingine."

Cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza. Nilipokata simu, ikaanza tena, polepole.

Mpaka adhuhuri Gerezani yote ilikuwa na habari. Mama mmoja aliyeniletea turubai la genge lake alilikunja mbele yangu. "Usinielewe vibaya mwanangu, nasikia ya kwako yanafumuka." Akalipeleka hatua sita, kwa jirani. Yeye akalipokea na kuniambia, kwa sauti ya kufikia kila mtu, "Simu haifundishi kona, binti. Mpe huyo msimamizi namba yangu." Hakungoja nimpe. Namba ya kambi ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi niliyoibandika ukutani, na siku ile ile alipiga.

Nilianza kuamini kwamba amemhonga mtu kule kambini apitishe kisu. Sikuwa na ushahidi wowote. Chuki yangu ilitosha kuwa ushahidi.

Basi nikapanda lori la vyakula la kambi, na pilipili ya kumtupia mwenye kisu machoni. Nilipofika sikuomba hata maji, nilikwenda moja kwa moja kwenye kona. Mshono ulikuwa mzima. Kilichochanika ni turubai lenyewe, pembeni ya mshono, mistari minne au mitano kwenda chini. Nilifurahi hadi nikashikwa na aibu. Nikamwita mpishi, baba mmoja kutoka Newala aliyekuwa akichambua mchele.

"Shikamoo baba. Nani hapa ana kisu?"

"Marahaba. Mimi hapa ninavyo saba." Akaja, akatazama, akacheka. "Dada wa Bongo, kisu gani hiki chenye kucha tano? Huyo ni nyegere."

"Nyegere anataka nini kwenye hema langu?"

"Kamuulize. Ila huyo haogopi simba, sidhani kama atakuogopa wewe."

Ningeshukuru kwamba si jirani. Badala yake niliihamisha chuki yote, nzima nzima, kwa mnyama ambaye sijawahi kumwona. Mchana ule nilishona viraka kwenye hema la kwanza huku tumbili wananichungulia kutoka mtini. Mmoja alishuka akachukua roli ya uzi, akapanda nayo, akaiachia ining'inie kutoka tawi hadi tawi. Alasiri tembo watatu walipita karibu kiasi kwamba nilisikia matumbo yao yakiunguruma, na mpishi akaniambia nisitikisike. Sikutikisika. Nilikuwa nawaza nyegere tu. Kabla giza halijaingia nilipaka pilipili kwenye kona zote nne.

Alikuja alfajiri, mpishi akiwasha moto, mimi nimekaa kwenye kigoda, mkasi mkononi, na begi langu la uzi na nta miguuni. Ni mdogo kuliko nilivyotarajia. Chini mweusi, mgongo mweupe kama aliyejifunika shuka, anatembea kama mwenye kiwanja. Alipita ndoo ya mabaki ya samaki bila kugeuza shingo. Akapita mahema mawili ya zamani ambayo sikuyashona mimi. Akafika kwenye hema langu, akalamba kona, akapiga chafya, akaendelea kulamba.

Nikamrushia mkasi. Ulimpata mgongoni. Akageuka, ngozi ikizunguka juu yake kama suti ya kuazima, akanijia. Nilijikuta juu ya meza ya mpishi, katikati ya masufuria.

"Usishuke!" mpishi alipiga kelele, naye akiwa nyuma ya pipa. "Mwache achague!"

Nyegere hakunichagua mimi. Alichagua begi. Alimwaga sindano, akamwaga uzi, akatoa donge langu la nta kwenye gazeti, akaketi, akalishika kwa mikono miwili na kulila mpaka likaisha.

"Kumbe ulimwandalia chai," mpishi akasema.

Nilibaki juu ya meza hata baada ya mnyama kuondoka. Nta niliyoichuja mwenyewe, kwa kuwa ya dukani sikuiamini, ilikuwa bado na asali ndani yake. Kona zangu zilikuwa mzinga. Kama ningekuwa fundi wa kawaida, mvivu kidogo, hema lisingechanika.

Siku ile nilifumua kila mshono wa mkono, nikasugua kona kwa maji moto na sabuni, nikashona tena kwa uzi niliousugua mshumaa. Alfajiri mbili zilizofuata nyegere alikuja, akanusa, akapita zake. Msimamizi alipouliza nimefanya nini, nilimwambia nimebadilisha mshono. Kuhusu nta sikusema neno. Nilimwomba mpishi naye asiseme.

"Mimi mpishi, dada," akajibu. "Ya kwangu ni chumvi."

Msimamizi aliridhika, lakini nusu. "Yale kumi nimeyagawa. Matano wewe, matano yule fundi jirani yako. Keshanipigia mara nne."

Niliporudi Gerezani jirani alisubiri wenzetu waende kula, ndipo akaja kwenye kibanda changu. Hakuwahi kufika kabla. Akazigusa kona za hema nililokuwa nalo mezani.

"Binti, msimamizi anasema kona zako hazipitishi maji. Anataka na zangu ziwe hivyo. Unapaka nini?"

Nilikuwa na muda wa kusema kweli. Naandika hivi kwa sababu nataka ijulikane kwamba muda ulikuwepo. Nilimalizia mshono, nikakata uzi, nikavuta kopo chini ya meza. Ndani yake kulikuwa na nusu ya nta, ile niliyoiacha Dar nilipokwenda mbugani.

"Nta ya nyuki, fundi. Sugua uzi, kisha paka juu. Na usiichuje tena, nguvu yake iko kwenye harufu hiyo."

Aliinusa. "Ahsante, mwanangu."

Mwanangu. Hakuwahi kuniita hivyo. Ilinichoma kidogo, lakini haikunichoma vya kutosha. Akaondoka na kopo.

Mahema yetu yalipanda gari moja. Haukupita mwezi simu yake ikaita, naye akaipokea kwa kupaza sauti, kama alivyozoea mbele za watu. Mimi nilisimamisha cherehani yangu. Nilimsikia akisema, "Hapana bosi, mshono haujafumuka, turubai ndilo limechanika, mshono wangu mzima." Yalikuwa maneno niliyojiambia kule mbugani. Baraza halikucheka, maana yeye ni mtu mzima; kila mtu akainamia kazi yake. Sitadanganya kwamba nilijuta. Nilijisikia kama mtu aliyekunywa maji baridi baada ya kufunga. Nikawasha cherehani, polepole.

Kazi yote ikawa yangu. Msimamizi akarudisha Dar mahema matano ya jirani ili niyarekebishe, nami nikayatandaza sakafuni kwa hamu ya kuona makosa ya mtu mwingine.

Hayakuwepo. Nilipiga goti nikapima kwa rula. Kila mshono ulilingana na mwenzake, kona zote, ndani na nje, umekaa kwenye turubai kama umeota hapo. Mimi sijawahi kushona hivyo. Nimefumua mamia ya kona nikiutafuta mshono ule bila kujua unafananaje, na kumbe ulikuwa unashonwa hatua sita kutoka kwangu, na mtu ambaye angenifundisha kama ningejua kumwomba, au kama yeye angejua kunyamaza.

Kazi ilinihitaji nifumue kona tu, niondoe nta, nitie viraka. Nilichukua mkasi, ule ule wa mbugani. Nilianza na kona, kisha nikaendelea na kuta, kisha mapindo ya paa, mshono hadi mshono, hata pale ambapo nyegere hakufika. Uzi mzuri hukatika kwa sauti. Yeye alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, hana kazi mkononi, na sauti ile anaijua. Hakugeuka.

Asubuhi iliyofuata nilimsalimu kama kawaida, shikamoo fundi. Akajibu marahaba, na hakuuliza leo simu imenifundisha nini.