Jina Ambalo Padri Hakulitaja

Ngatia alikuwa mtu wa hasira za karibu, na hakuna haja ya kumpamba. Ujana wake aliumalizia kwenye vilabu vya pombe vya Karatina, akipigania mambo ambayo kesho yake hakuna aliyeyakumbuka. Jino lake la mbele lilibaki Sagana katika ugomvi wa kiti, na kovu la shingoni alilipata Kutus kwa mtu ambaye hata jina lake hakulijua. Aliyemtoa huko ni kaka yake mkubwa, Wambugu, katekista wa kanisa la kijijini kwao, pale mashamba yanapokutana na msitu wa Mlima Kenya. Wambugu alimfuata klabu hadi klabu, akamburuta nyumbani, akamwosha, akamfundisha katekisimu akiwa na ndevu zake, mpaka akapata kipaimara pamoja na watoto waliomfika kiunoni.

Katika mafundisho yote, moja lilimwingia Ngatia likakaa. Wambugu alimweleza kwamba Papa ni mrithi wa Petro, yule aliyekabidhiwa funguo, na kwamba katika kila Misa duniani padri humwombea Papa kwa jina, kisha askofu.

"Hiyo jina ndio imetufunga pamoja," Wambugu alimwambia wakipalilia viazi. "Siku utasikia Fatha ameiruka, jua huyo si wetu tena."

Kulikuwa na nusu ya pili ya somo hilo. Papa akifa, kiti huwa wazi, na mpaka apatikane mwingine hakuna jina la kutaja. Hata padri mwaminifu kuliko wote huliruka. Labda Wambugu hakuifikia nusu hiyo. Labda aliifikia na Ngatia alikuwa anawaza fuko anayemlia viazi. Mara ya mwisho kiti kubaki wazi, Papa wa wakati huo alipojiuzulu, Ngatia alikuwa bado mlevi wa kutupwa na kanisani hakukanyaga.

Kisha akaja Padri Mburu. Alitaka kuoa, jambo la kibinadamu, lakini alitaka pia kubaki na jengo, shamba la kanisa na waumini wote. Askofu alipomsimamisha, aligoma kutoka. Jumapili iliyofuata picha ya Papa ilikuwa imeng'olewa ukutani, na ilipofika ile sala, jina likarukwa. Wambugu akasimama katikati ya watu akalitamka mwenyewe kwa sauti: "Papa wetu Fransisko!"

Ikawa patashika. Nusu ya kanisa ilikuwa ya Mburu, nusu ya askofu, na watu waliobatiziana watoto walivunja mabenchi ili wapate vya kupigania. Wambugu aliburutwa nje kwa miguu, kichwa chake kikigonga ngazi moja baada ya nyingine, akapigwa kwa mbao na mawe hadi uso ukawa hautambuliki. Ngatia, aliyekuwa anapigana upande wa pili wa jengo, alifika kaka yake akiwa anakoroma damu. Aliyesimama juu yake, mguu wa benchi mkononi, alikuwa Mwai, jirani yao mfuga ng'ombe. Mwai amesema tangu siku hiyo kwamba aliunyang'anya ule mguu kutoka kwa mtu mwingine. Huenda ni kweli. Wambugu alikata roho njiani kupelekwa hospitali, na kesi ikakosa mashahidi, kwa maana kijiji kizima kilidai kilikuwa kimefumba macho kikisali.

Ngatia hakungoja kesi. Alimkuta Mwai zizini akikamua, akamshika mkono wa kushoto, akaulaza juu ya nguzo na kuukata kwa panga. Ulihitaji mapigo mawili. Maziwa kwenye ndoo yakawa mekundu, ng'ombe akakata kamba akakimbia, na Ngatia akaketi pale pale kwenye kinyesi akisubiri polisi. Akafungwa.

Alipotoka jela, Mburu alikuwa amehamia Wang'uru na kundi lake, na Mwai alikuwa amerudi kanisani na kujifunza kukamua kwa mkono mmoja. Njia ya kwenda sokoni ilipita mlangoni kwa Mwai. Ngatia akawa anazunguka mtoni na gunia la viazi mgongoni, mtu mzima na mvi zake, akijificha kama mwizi wa kuku. Alichoka. Alichoka kwa namna ambayo hasira haikuwahi kumchosha.

Padri mpya, Gicheru, kijana mpole mwenye miwani, aliliona hilo, akawa anakwenda huku na huku baina ya nyumba hizo mbili.

"Mzee, Mwai ako tayari," alimwambia Ngatia. "Jumatano baada ya Pasaka tuko na Misa ya kuombea Wambugu. Tukifika kupeana amani, nyinyi wawili mtasalimiana mbele ya watu. Hakuna hotuba. Ni mkono tu."

"Na bibi yake?"

"Njoki bado. Lakini Mwai ako tayari, na hiyo inatosha kuanza."

"Nitakuja, Fatha. Lakini kama ni mchezo, mimi najijua."

Jioni ya Pasaka alipanda kwenye kipande chake cha shamba ndani ya msitu, maana ndovu walikuwa wameanza kuvamia viazi. Huko hakuna mtandao, na redio yake ilikuwa imeishiwa betri. Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, Papa akafariki. Kengele ya kanisa ililia chini huko, redio za maduka yote kuanzia Karatina hadi Nyeri zikaimba nyimbo za maombolezo, na Ngatia alikuwa anapiga debe kufukuza ndovu.

Jumatano alivaa koti safi akateremka. Ndovu walikuwa wamesimama njiani, mama na mtoto wake, wakamchelewesha. Alipoingia kanisani mahubiri yalikuwa yamekwisha, na matangazo yote kuhusu msiba wa Papa yalikuwa yametolewa mwanzoni. Akapenya hadi benchi la mbele alilowekewa. Ng'ambo ya pili, mbele vilevile, alikaa Mwai, shati limepigwa pasi, mkono wa kushoto wa shati umekunjwa na kufungwa kwa pini. Walitazamana. Mwai akainamisha kichwa kidogo kumsalimu. Moyo wa Ngatia ukamdunda kwa furaha, furaha ya kweli, hata akaona haya.

Halafu akainua macho ukutani. Picha ya Papa haikuwepo. Pale ilipokuwa ulibaki msumari tu.

Anita, mwenyekiti wa akina mama, ndiye aliyekuwa ameitoa, ili aifute kioo na kuizungushia maua kwa ajili ya maombolezo. Ilikuwa chumba cha pili, juu ya meza, ikingoja utepe mweusi. Ngatia angegeuka tu amuulize mtu aliyekaa nyuma yake. Hakugeuka. Huo ndio ugonjwa wake tangu ujana: alikuwa na mdomo wa kutukana na mikono ya kupiga, lakini ulimi wa kuuliza hakuwa nao.

Mkate ukainuliwa, kikombe kikainuliwa, watu wakapiga magoti. Padri Gicheru akaendelea na sala, akaliombea Kanisa lote, na pale Ngatia alipokuwa ametega masikio, akamtaja askofu peke yake, akapita.

Damu ikamchemka Ngatia. Picha imeng'olewa. Jina limerukwa. Mwai amekaa mbele na shati la pasi. Basi huu ndio mkono alioitiwa. Walimtaka abariki usaliti ule ule mbele ya watu, siku ya Misa ya kaka yake!

"Mmemuua mara ya pili!" alinguruma, na kabla watu hawajaelewa alikuwa altareni.

Ngumi ya kwanza ilimpata padri mdomoni. Miwani ikaruka, padri akaanguka juu ya meza, kikombe kikapinduka, na divai iliyokwisha kugeuzwa Damu ya Bwana ikatiririka kwenye kitambaa cheupe na kuchanganyika na damu ya padri. Akina mama wakapiga mayowe. Ngatia akanyakua kinara cha mshumaa wa Pasaka, chuma kizito kilichochomelewa na fundi wa kijijini. Mshumaa ukachomoka ukavunjika sakafuni. Akakiinua juu ya kichwa cha padri aliyekuwa anatambaa akitema meno.

"Ngatia! Papa amekufa!" Mwai alikuwa amefika, amejitupa katikati. "Alikufa juzi! Ndio maana hajatajwa! Papa amekufa!"

Ngatia alisikia. Baadaye aliapa mbele ya hakimu kwamba alisikia kila neno, na kwamba mikono ilikuwa imeshatangulia. Mwai aliinua mkono wake wa kulia kujikinga. Chuma kikaushukia chini ya kiwiko, ukavunjika kwa mlio ambao waliokaa benchi la mwisho waliusikia, na mfupa ukatokeza nje kupitia shati lililopigwa pasi.

Kinara kikamdondoka. Akapiga magoti amshike Mwai, lakini wanaume walikwisha kumfikia, wakampiga mateke ya mbavu na uso mpaka Padri Gicheru, mdomo umejaa damu, akamlalia kifudifudi kumkinga. Anita alitoka chumba cha pili na picha yenye maua mikononi, akasimama nayo mlangoni, haelewi.

Mwezi Mei mahabusu walisikia redioni kwamba Papa mpya amepatikana, na Wakatoliki waliokuwa humo wakapiga makofi. Ngatia hakuuliza jina lake. Aliuliza tu, kila alipoona mgeni kutoka upande wa kwao, habari za mkono wa Mwai, na wote walisema hawajui.

Siku moja akaitwa kwenye dirisha la wageni. Ng'ambo ya nondo alikaa Njoki, mke wa Mwai, shuka limefungwa kifuani.

"Umeoza," Njoki alisema bila salamu. "Madaktari wameukata hapa, juu ya kiwiko. Sasa mimi namlisha. Namvalisha. Nampeleka choo."

Machozi yakamshuka Ngatia hadharani, mbele ya askari na wezi.

"Ameniambia nikuje. Ati hiyo amani hamkupeana kanisani, nikupatie kwa niaba yake, kwa sababu yeye hana mkono. Amekusamehe. Ananisumbua na hiyo maneno kila siku, kila siku."

Ngatia akapenyeza mkono wake kati ya nondo. Njoki akautazama kwa muda, kiganja, vidole, kucha, kisha akaingiza wake ndani ya shuka.

"Msamaha ni yake, nimeleta," alisema. "Mkono ni yangu."

Akainuka akaondoka. Ngatia alibaki ameunyoosha wake vile vile, mpaka askari akaja akamwambia autoe, kuna wengine wanangoja dirisha.