Chai Aliyoikataa Mpiga Picha

Mimi Josepha si mtu wa kudanganywa kirahisi. Mwanamume akikataa chai ya mkewe, mambo ni mawili: ama ana chungu kingine mahali, ama anaogopa kuwekewa sumu. Mume wangu Longinus, mpiga picha wa hapa Heru Juu, alianza kukataa chai yangu mwezi wa pili. "Weka hapo, Mama Divine, nitakunywa." Nikirudi, kikombe kimejaa, kimepoa, nzi anaogelea.

Ugali alikula, lakini mpaka nitoke kwanza. Na mkono wake wa kulia ukahamia mfukoni. Kanisani watu wanapeana amani, yeye anainamisha kichwa tu. Nikamuuliza, akasema ana mafua. Mafua ya mkono!

Halafu akaanza kujifungia. Studio yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango mmoja unatazama barabara, mwingine sebule. Huu wa sebuleni akautia komeo. Mchana wateja wakiisha, nasikia tak! Kimya. Tak! tena. Siku moja ikatoka harufu ya kitu kinachoungua, si kuni, si mafuta. Nikasema basi, mume wangu anachoma dawa za waganga. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango. Amejaza waya mwembamba wa shaba mezani, anauzungusha polepole kwenye kijibomba cha kalamu, midomo inahesabu. Hirizi hiyo, nikajiambia. Ya kumfunga nani kama si mimi?

Careen, jirani yangu muuza mawese, ndiye aliyenimaliza. "Shoga, Baba Divine nimemwona Manyovu na mwanamke mmoja Mrundi, wanamwita Irakoze. Huyo mwanamke anampa kifurushi kimefungwa kwenye kitenge, wanacheka."

Mimi aliniambia anakwenda kupiga picha za harusi. Na kamera ilibaki nyumbani! Roho iliniuma, sifichi. Nikafunga nguo zangu kwenye shuka niende kwa kaka yangu Gwarama. Lakini siondoki bila kumpima.

Alhamisi saa tisa mchana nikachemsha chai ya tangawizi, nikazunguka mlango wa barabarani, nikaingia bila hodi. Longinus akashtuka, mkono huo mfukoni. Kamera ilikuwa kwenye stendi, inatazama kigoda cha wateja. Juu ya kitufe cha kupigia picha amefunga kile kijibomba chenye waya. Nyaya mbili zinashuka hadi kwenye betri ya pikipiki, na sakafuni kuna swichi ya kukanyaga.

"Baba Divine, kunywa hii chai mbele yangu. Usipokunywa, naondoka. Mzigo wangu uko mlangoni."

"Iweke hapo, mke wangu."

"Siiweki! Kwa Irakoze huwa unakunywa?"

"Irakoze anauza vyuma chakavu. Nilifuata feni mbovu, nikatoa waya."

"Kunywa."

Alinitazama. Kisha ule mkono ukatoka mfukoni, ukashika kikombe. Ukaanza kutetemeka, kwanza kidogo, halafu kama mtu anayepepeta maharage. Chai ikamwagikia suruali yake na kitenge changu. Hakukiachia. Aliendelea kukipeleka mdomoni mpaka yakabaki machicha ya tangawizi tu.

"Mkono umeanza kuwa kama wa marehemu baba," akasema. "Nikibonyeza kamera, picha inatoka na ukungu. Watu wakijua, nani atakaa kwenye kigoda kile? Ikabidi nijitengenezee kidole kingine."

Akanieleza. Umeme ukipita kwenye waya, msumari ulio ndani ya kijibomba unavutwa chini, unabonyeza kitufe. Ukiondoa mguu, springi ya kalamu inaurudisha juu. Mara ya kwanza alizungusha waya mchache mno, ukaungua. Ndiyo ile harufu. Nikamwambia kamera si hujihesabia yenyewe sekunde kumi? Akasema mtoto wa chekechea hasubiri sekunde kumi.

"Na mimi? Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenihurumia."

"Mjinga wewe!" Nilipiga kelele hadi barabarani walisikia. "Miezi mitatu nalia kwa ajili ya hawara ambaye hayupo, kumbe uliona aibu ya kikombe!" Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na aibu yangu pia, maana hirizi nilishaiona na sumu nilishaionja kichwani mwangu.

"Kaa," akasema. Nikakaa kwenye kigoda. Akakanyaga. Tak!

Picha ile iko ukutani mpaka leo, haina ukungu hata chembe. Nyusi zangu unaweza kuzihesabu, na machozi pia. Wateja wakiniuliza nililia nini, nawaambia moshi. Careen anaamini nilipigwa, tena kila nikipeleka chai ya saa nne ananiangalia kwa jicho la pembeni, kwa sababu naingia na kufunga milango yote miwili. Mwache aamini. Nikishafunga, nakishika kikombe kwa mikono yangu, na Longinus anakunywa chote.